MIZIGO ISIYOONEKANA
Habari za Mapadre wa Kwanza wa Kwetu

Ndugu zetu katika Kristo, nanyi walimu mtakaosoma kitabu hiki mbele ya watoto shuleni: mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, watu waliobatizwa, shule zilizofunguliwa, na maaskofu waliotutangulia. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini iko kazi isiyoandikwa katika daftari lo lote, nayo ni ile aifanyayo mchungaji pasipo kuonekana na watu. Wazee wetu walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake; atazamaye kwa mbali hudhani ni mwepesi.

Basi twataka kusimulia habari za mapadre wa kwanza wa Kiafrika katika Misheni ya U.M.C.A., iliyoleta Injili Unguja, Bonde, Masasi na Nyasa. Hatuandiki ili kuwasifu tu. Twaandika ili tujue waliichukua mizigo ya namna gani, na yatupasa nini sisi kwa wale wanaoichukua leo.

MAKABURI TUNAYOYAJUA

Tangu zamani habari za Misheni husimuliwa kwa vifo. Dk. Livingstone aliponena na wasomi wa Cambridge mwezi wa Desemba 1857, walipatikana watu walioitika mwito wake. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, mahali mto Ruo unapoingia Shire, dawa zake zikiwa zimepotea majini. Askofu Edward Steere, mtafsiri wa Agano Jipya katika Kiswahili, alikufa Unguja mwaka 1882. Askofu Charles Smythies, ambaye nchi hizi alizipitia kwa miguu, alifia baharini mwaka 1894 akiwa njiani kwenda kwao. Na Askofu Chauncy Maples alizama katika Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1895, hata Likoma hajafika kukaa katika kiti chake.

Habari hizi watoto wetu wamefundishwa, na ni haki wafundishwe. Lakini tufikiri kidogo. Kifo kina siku yake, na siku ile huandikwa. Mtu aliyeishi miaka kumi na mmoja mahali pamoja, akiamka kabla ya alfajiri kusali, akifundisha, akizika, akiamua magomvi, akilala na mawazo yake, huyo siku zake nani aliziandika? Wengi wa wachungaji wetu wa kwanza hawakuuawa wala hawakuzama. Waliishi, na kuishi kwao ndiko kulikokuwa sadaka yao.

MTU ASIYE NA UKOO

Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa watoto watano waliotekwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi. Mtoto huyo alilelewa na Misheni, akasoma, akakua katika imani, na mwaka 1879 Askofu Steere akamweka kuwa shemasi. Ndiye Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupewa daraja takatifu, akatumika miaka mingi katika ushemasi.

Watu walioona siku ile ya 1879 walifurahi, kwa maana kanisa kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palepale palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873. Lakini tutazame upande wa pili. Katika nchi zetu mtu akifika mji asioujua huulizwa kwanza, U mtoto wa nani? Watu wa ukoo gani? Mtumwa aliyeokolewa angali mtoto hana jibu. Hana mjomba wa kumsemea, hana shamba la babu, hana kaburi la kulizuru. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyetumwa kwenda kwa wakubwa wa miji, wenye ukoo na wazee na ngoma zao, awaambie kwamba njia zao hazitoshi. Kabla hajafungua kinywa kuhubiri, ilimlazimu kwanza kuvumilia kutazamwa. Huo ulikuwa mzigo wa kwanza, nao haukuandikwa katika taarifa za Misheni.

PADRE CECIL NA MIAKA YA CHITANGALI

Aliyemfuata ni Cecil Majaliwa. Yeye naye alitekwa angali mtoto, akaletwa Unguja, akalelewa na Misheni. Alisoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kuongeza elimu, akarudi, akamwoa Lucy, binti aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1886 Askofu Smythies akampa ushemasi, akamtuma Chitangali, kwa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mtwara. Jumbe wa huko alikuwa Nakaam, ambaye baadaye alibatizwa jina la Barnaba.

Tuwaze hali ya mambo mwaka ule. Masasi, mji wa Wakristo ulioanzishwa mwaka 1876 kwa watu waliookolewa katika utumwa, ulikuwa umevamiwa na Wamagwangwara mwaka 1882, na hofu yao ilikuwa haijaisha. Usiku mbwa wakibweka, kila mtu hujiuliza kama ndio wao. Cecil alikuwa kijana mwenye mke, na baadaye watoto wadogo. Hakuwa na ndugu karibu. Tena alikuwa shemasi, si kasisi. Aliweza kufundisha, kubatiza na kuzika, lakini kuadhimisha Komunio Takatifu hakuweza. Miaka minne watu wake walingoja kasisi apite ndipo waipate Meza ya Bwana, naye alingoja pamoja nao. Kuwalisha watu kwa neno, na huku mkate wenyewe wapaswa kuungoja kwa mgeni, si jambo jepesi kwa mchungaji.

Mwaka 1890 Askofu Smythies alimweka Cecil Majaliwa kuwa kasisi huko Unguja. Ndiye kasisi wa kwanza Mwafrika wa Misheni ya U.M.C.A. Kisha akarudi Chitangali. Kanisa likakua, wanafunzi wakaongezeka, watu wakabatizwa. Wageni waliopita waliona kanisa lililotunzwa vema na watu wanaojua sala zao, wakasifu.

Lakini sifa za mgeni ni za siku mbili. Akiisha kwenda, padre hubaki. Kwa mapadre wa Kizungu kulikuwa na desturi ya likizo. Baada ya miaka kadhaa mtu alikwenda kwao, akapumzika, akaona mama yake, akarudi na nguvu. Padre wa Kiafrika likizo yake ilikuwa wapi? Watu walidhani yuko kwao, kwa hiyo hana haja ya kwenda kwao. Kumbe Cecil kwao palikuwa palipopotea siku alipotekwa. Na Unguja, mahali alipopata malezi, ilikuwa mbali kwa nchi na bahari.

Tena kulikuwa na watoto. Yeye na Lucy walipata elimu ambayo kwa wakati ule wachache waliipata. Watoto wao wakakua Chitangali, na jambo la kuwasomesha likawalemea sana. Hapo baba alivutwa huku na huku. Akibaki, watoto wake watakosa elimu ileile iliyomfanya yeye kuwa padre. Akiondoka, kundi litabaki na nani? Neno hili hakuweza kulihubiri mimbarani. Hakuweza kuwaambia wakatekumeni wake, Ninyi ni watoto wangu, lakini ninao na wengine. Mwaka 1897, baada ya miaka 11, aliondoka Chitangali akarudi Unguja. Tusiseme upesi kwamba alichoka. Tuseme kwamba aliachiwa peke yake shauri ambalo halikupasa kuwa la mtu mmoja.

Na Lucy je? Katika vitabu vya habari jina lake ni la kupita tu. Lakini kila aliyekaa karibu na nyumba ya padre ajua. Mgonjwa hupiga hodi kwa mke wa padre. Msichana aliyekimbia nyumbani hulala jikoni kwake. Mgeni akija bila taarifa, yeye ndiye agawaye unga uliobaki. Mume huitwa Padre na watu humwamkia kwa heshima. Mke huchukua nusu ya kazi, wala hana daraja wala jina la kazi hiyo.

SIRI YA MTUNGI

Waswahili husema, Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kazi zote za padre hakuna iliyo nzito kama kuijua siri na kunyamaza. Misheni yetu iliwafundisha watu kuungama dhambi zao mbele ya kasisi, na kasisi amefungwa: neno aliloambiwa katika kitubio hawezi kumwambia mtu ye yote, wala mke wake, wala askofu wake, wala kulitenda jambo lo lote kwa sababu ya neno lile. Jumapili asubuhi husimama mbele ya watu, naye ajua mengi juu yao. Huyu amemwibia yule, nao wamekaa kiti kimoja. Yule amemkosea mkewe, na mkewe anaimba kwa furaha. Padre humpa kila mtu amani, akarudi nyumbani na mambo yao yote kifuani. Akiwa kimya, watu husema ana kiburi. Akiwa na uso wa huzuni, husema amekasirika. Hawezi kujitetea.

Pamoja na hayo alikuwa mwamuzi. Alishika daftari la washirika, naye alipaswa kusema nani akaribie Meza ya Bwana na nani azuiwe mpaka atubu. Mkubwa wa mji aliyebatizwa akioa mke wa pili, padre ndiye aliyekwenda kwake kumwambia. Na ardhi ya kanisa ni ya mkubwa huyohuyo, na watoto wa shule ni wa nyumba yake. Akimzuia, shule itabaki tupu. Asipomzuia, maskini watasema kwamba sheria ya Kanisa ni kwa ajili yao peke yao.

Na jambo la jando na unyago lilikuwa gumu kuliko yote. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, kijana asiyeingia jandoni si mtu kamili, wala hapati mke. Lakini ndani ya desturi zile yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hakuweza kuyafuata. Mapadre wa Kizungu waliweza kuandika kwamba desturi hii ni mbaya, wakalala usingizi. Padre wa Kiafrika aliulizwa na mama mzazi mlangoni, Mwanangu nimfanyeje? Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alitengeneza jando la Kikristo pamoja na mapadre na wazee wa huko, ili vijana wapate kuwa watu wa nchi yao na wa Kristo pia. Twamsifu kwa hekima yake. Lakini kabla ya kupatikana njia hiyo kulipita miaka mingi ambayo kila padre kijijini alijibu peke yake, na kwa kila jibu alipoteza mtu.

WALIOKAA PEKE YAO

Huko Unangu, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji, alikaa Padre Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, aliyepata ukasisi mwaka 1898. Mwaka 1905 alisafiri mpaka Nchi Takatifu akaiona kwa macho yake. Kisha akarudi Unangu kwenye kazi ileile. Watu wake walikuwa wakisahau habari za wazee wao, kwa hiyo akaziandika kwa Kiyao, na kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kikapigwa chapa mwaka 1919. Alikufa mwaka 1924. Mtu huyu alikuwa mwanachuoni, lakini wa kuzungumza naye habari za vitabu walikuwa wachache sana. Twadhani upweke wa namna hii hausemwi kwa sababu waonekana kama majivuno. Mwenye njaa ya chakula huhurumiwa. Mwenye njaa ya mazungumzo huambiwa amezidi.

Naye Padre Leonard Kamungu, mtu wa Nyasa, alipewa ukasisi katika kanisa kuu la Likoma mwaka 1909. Misheni ilipofungua kazi mpya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, yeye alikubali kwenda kwa watu wasio wa kabila lake, akakaa Msoro tangu mwaka 1911. Hakuwa na mke. Alijenga, akafundisha, akakusanya watoto wa shule. Tarehe 27 Februari 1913 alikufa ghafula. Wengi waliamini kwamba alitiliwa sumu, ingawa jambo hilo halikuthibitika. Huko Malawi na Zambia Wakristo bado wamkumbuka. Lakini tukumbuke pia ile miaka miwili iliyotangulia, alipokula na kulala katika nchi ya ugenini, akijifunza lugha ya watu ambao moyo wao alikuwa bado hajaujua.

MCHUNGAJI ALIPOBAKI BILA MSAADA

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza waliokuwa katika nchi yao, wakawafunga bara, wengi wao huko Tabora, mpaka Septemba 1916 mji ule ulipotekwa na Wabelgiji. Walimu wengi wa Bonde na Uzigua walikamatwa vilevile, wakadhaniwa kuwa wapelelezi, wakafungwa minyororo, wakatembezwa mbali, wakapigwa, wakabebeshwa mizigo. Wako waliokufa.

Na makanisa je? Mahali pengi hayakufungwa. Mapadre na walimu wa kwetu waliobaki ndio waliosali, waliozika na waliofundisha kwa siri. Njaa ilikuwako, wapagazi walichukuliwa kwa nguvu, na fedha za mishahara hazikufika. Kila aliyepiga kengele siku ya Jumapili alijua kwamba aweza kushitakiwa kuwa rafiki wa adui. Wazungu waliporudi walikuta Kanisa liko hai, wakastaajabu. Lakini mtu aliyeijua miaka iliyotangulia hakuwa na sababu ya kustaajabu. Wale waliobaki peke yao mwaka 1914 walikuwa wamezoea kubaki peke yao. Kazi ile iliyokuwa imefichika kwa miaka thelathini, vita viliionyesha mchana.

Toka hapo mambo yalikwenda mbele. Mwaka 1955 Yohana Omari wa Tanganyika ya Kati, mtu wa misheni nyingine ya Kanisa letu hilihili, aliwekwa kuwa askofu, Mtanganyika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Na mwaka 1970 John Sepeku akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Ngazi waliyoipanda ilijengwa na watu wa Chitangali na Unangu.

YATUPASA NINI

Ndugu, tukiitazama mizigo hii yote twaona ni ya namna mbili, wala si vema kuichanganya.

Iko mizigo ambayo kwa asili yake ni ya siri, wala hakuna awezaye kumsaidia padre kuichukua. Siri ya kitubio ni ya namna hiyo. Sala yake usiku kwa ajili ya mtu aliyemwudhi ni ya namna hiyo. Mashaka yake mwenyewe, anapokaa kama Eliya chini ya mti akitamani yaishe, ni kati yake na Mungu. Hayo tusiyachungulie. Tumwombee tu, tusimwulize.

Lakini iko mizigo mingine mingi iliyofichika kwa sababu moja tu, kwamba sisi hatutazami. Paa la nyumba yake linavuja. Hiyo si siri. Watoto wake wanakosa karo. Hiyo si siri. Mkewe amechoka, kila mwanamke wa mtaa ajua. Padre ametembea mitaa mitatu kwa siku mbili, na akirudi akuta wazee wamengoja kumshitaki kwamba hakufika mtaa wa nne. Wenzake waliosoma naye waliingia kazi za ukarani wakalipwa zaidi, na jamaa zake humwambia hivyo kila siku. Anaugua, naye aogopa kusema, maana watu wamezoea kwamba mgonjwa ni wao na mtembeleaji ni yeye. Mizigo ya namna hii haikupasa kuwa yake peke yake hata siku moja. Cecil Majaliwa hakuweza kumwambia mtu siri za watu wa Chitangali. Lakini elimu ya watoto wake ingaliweza kuwa shauri la Kanisa zima.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa kanisa: katika baraza zenu, kabla ya kuuliza padre amefanya nini, ulizeni kwanza padre anakaaje. Twawasihi walimu: ninyi ndio mlio karibu naye, mketi naye, mzungumze naye habari za vitabu na za dunia, asipate njaa ile aliyoipata mwenye elimu huko Unangu. Twawasihi akina mama: mwendeeni mke wa padre siku ambayo hamna haja naye. Na twawasihi mapadre wenyewe: msione haya kutafuta mwenzenu wa kuungama kwake na kupumzika kwake. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho mateso yake ya njiani na baharini, aliongeza mwishoni wasiwasi wake wa kila siku kwa ajili ya makanisa yote. Hakuuficha, na barua ile twaisoma mpaka leo.

Mwajua habari za Musa alipokuwa juu ya kilima, Israeli wakipigana na Waamaleki. Mikono yake ikiinuka, watu wake walishinda, ikishuka, walishindwa. Haruni na Huri hawakuweza kusali badala yake, wala hawakumlaumu kwa kuchoka. Walimtafutia jiwe akakaa, wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Jiwe la kukalia na mikono ya kushika, hayo tunayo katika kila mtaa wa dayosisi hii. Mungu atujalie tuyatoe mapema, mikono ya wachungaji wetu ingali juu.